Kiganja cha Mwalimu Kou

Ran Taibi alipoingia karakana ya kuchonga mifano ya injini, wanaume walimpa mwezi mmoja tu. Walisema vumbi la mbao litamshinda, au ataolewa, au yote mawili. Kuolewa aliolewa, na Chengguo, muuza tambi wa chini ya ngazi za mlimani, lakini kazini hakutoka. Waliomcheka ndio waliotangulia kuondoka, mmoja baada ya mwingine, kwenda kufungua vibanda vya vipuri.

Kazi yenyewe si ya kujivunia mbele za watu, maana mwenye pikipiki haioni. Kifuniko cha injini, kabla hakijawa alumini, huwa kwanza mbao. Mchongaji huitoa ile mbao ikiwa na kila ukuta, kila tundu na kila ukingo wa kifuniko chenyewe. Wasubu, watu wa tanuri, huizika kwenye mchanga, wakaupiga mchanga ukashikamana, wakaitoa, kisha hapo ilipolala mbao wakamimina alumini iliyoyeyuka. Mfano ukianza kuchakaa hupakwa nta, ukamwagiwa jasi, na jasi ikishakauka inachomoka na umbo lote, ukapata kiolezo cha kuchongea mfano mwingine. Kosa la mbao ni kosa la injini. Ukiacha mkwaruzo kwenye mfano, pikipiki za mwaka mzima zitatoka na mkwaruzo huo huo tumboni.

Aliyemfundisha haya yote alikuwa Mwalimu Kou. Mzee huyu alikulia kwenye kiwanda cha silaha cha serikali, akachonga mifano ya sehemu za bunduki, na kiwanda kilipoanza kuunda pikipiki akachonga ya pikipiki. Bosi Yin alipofungua kiwanda chake binafsi cha injini, alikwenda kumwomba Mwalimu Kou nyumbani kwake akiwa na sigara nzuri na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Taibi alikuwa wa kwanza kumpigia magoti pale kiwandani na kumpa bakuli la chai kwa mikono miwili. Mwalimu alikunywa, na biashara ikawa imekwisha: amekuwa mwanafunzi wake. Wote waliokuja baadaye, hata wenye ndevu na watoto, walimwita Taibi Dada Mkubwa, kwa kuwa katika ufundi hawahesabu miaka ya mtu. Wanahesabu nani alitangulia kumimina chai.

Taibi hakuichukulia chai ile kama mchezo. Mwaka mpya alianzia kwa Mwalimu kabla ya kwenda kwa mama yake mzazi. Mama Mwalimu, mke wa mzee, alipovunjika nyonga, ni Taibi aliyemwogesha. Mtoto wao wa pekee, Lun, alikuwa mwanamume mzima mwenye afya, lakini siku zile alikuwa na shughuli nyingi kwenye meza ya mahjong, ile kamari ya vigae.

"Dada Taibi," Lun alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye vigae vyake, "wewe ukiwepo mimi nalala usingizi mzuri."

"Unalala usingizi mzuri hata nisipokuwepo," Taibi alijibu, na Mama Mwalimu akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

Mwalimu Kou alikuwa na desturi moja ambayo karakana nzima iliishi kwayo. Vipimo alivitumia kama watu wengine, lakini mfano ulipomalizika hakuuamini mpaka ameupapasa. Alitaka mkono wa asubuhi, kabla ya sigara ya kwanza. Alinawa kwa maji ya vuguvugu, akajikausha, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya mbao polepole kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la uso wa mtoto. Kiganja kikisimama mahali, alisema neno moja: "Toa." Kisiposimama, hakusema kitu, alikurudishia mbao yako ukaenda zako umefurahi. Ilisemekana kwamba zamani, kule kwenye silaha, aliwahi kumwambia mtu "Safi," na mtu yule akalia. Wanafunzi wa kwa Bosi Yin hawakuwahi kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake.

Hata alipostaafu desturi haikufa. Hakuna mfano uliokwenda kwa wasubu kabla haujapanda ngazi hadi nyumbani kwake na kulala pale usiku mmoja ili upate mkono wa asubuhi. Mbebaji alikuwa Taibi. Aliutia kwenye kapu la mianzi la mgongoni, akaufunika kitambaa, akapanda.

Mwaka ule Bosi Yin alikuwa ameweka roho yake yote kwenye injini moja mpya. Alitaka itoke majira ya kuchipua, kabla kiwanda cha ng'ambo ya mto hakijatoa ya kwao. Kifuniko cha upande wa kulia, kile cha klachi, kilikuwa kigumu kuliko vyote, na Bosi alimpa Taibi. Alikichonga majira yote ya baridi. Karibu na mwisho, kwenye ukuta wa ndani, bobari, patasi yake ya mdomo wa mviringo, iligonga fundo la mti ikateleza. Taibi aliziba jeraha kwa kibanzi na gundi, akapiga msasa, akaona limelala sawa. Akakipeleka.

Kesho yake alipokwenda kukichukua, Mwalimu alikuwa amekiweka tayari mezani.

"Ukuta wa ndani kuna chunusi," alisema. "Kama punje ya dengu. Toa."

"Nitatoa, Mwalimu."

Aliponyanyua mfano ndipo aliponusa. Mbao ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imepakwa nta ya Mwalimu mwenyewe, ile aliyoichemsha kwa nta ya nyuki na kafuri na kuitunza kwenye kopo la majani ya chai, ambayo hakuipaka kitu kingine chochote isipokuwa vyombo vyake vya kazi. Kazi ya mwanafunzi hakuwahi kuipaka.

"Umekipaka, Mwalimu?"

"Mbao ilikuwa kavu," Mwalimu alisema, akageukia dirishani.

Mama Mwalimu alimwita jikoni ale kwanza. "Kula, mwanangu, umekonda kama mwanzi wa mchukuzi." Taibi alikula haraka haraka. Kwenye ngazi, kapu mgongoni, alilia hadharani, watu wakimpisha wakidhani amefiwa.

Pale karakanani Yonglu ndiye aliyenusa wa kwanza. Yonglu alikuwa mwanafunzi wa pili wa Mwalimu, mcheshi, mwepesi wa mkono na wa mdomo.

"He! Hii si nta ya mzee?" Aliinama akanusa kama mbwa. "Jamani njooni! Mimi miaka yote hii ameniambukiza mafua tu, Dada Mkubwa anapakwa nta!"

"Acha kelele."

"Na hii nini?" Kidole chake kilikuwa kimefika ukuta wa ndani. "Dada, unaota chunusi ukubwani?"

"Amesema nitoe. Toa mkono wako hapo."

Karakana ilicheka. Taibi alikaa akaitoa ile chunusi, kwanza kwa bobari, kisha kwa msasa laini, mpaka ukuta ukawa kama kioo. Nta iliyobaki hakuifuta. Alitaka wasubu nao wainuse.

Pikipiki ya ng'ambo ilitoka kabla ya yao. Bosi Yin aliinunua dukani kama mteja yeyote, akaipanda mwenyewe kuvuka daraja huku ukungu ukiwa bado haujainuka, akaisimamisha uani karibu na mapipa ya mafuta machafu. Kisha akaita watu wa mifano, wa kusubu na wa mashine.

Bosi Yin alianza maisha akitengeneza pikipiki za watu kando ya barabara, na hasira zilipompanda lugha ya barabarani ilirudi yote.

"Kuigana mimi sikatai!" alipiga kelele. "Nani hapa hajaiga? Sisi sote tumezifungua injini za Wajapani mpaka tukazijua kuliko mama zetu. Lakini bwana, unaiga kitu kilichozaliwa! Unakinunua, unakifungua, unaiga, sawa. Hii yangu bado iko tumboni! Mtu ameingiza mkono tumboni akaitoa!"

Fundi alikuwa ameshaufungua ubavu wa kulia. Kifuniko cha klachi kilikuwa kimelazwa juu ya gunia. Taibi hakuhitaji kuambiwa. Mtu huijua kazi yake kama anavyoijua sauti yake. Alichuchumaa, akaingiza vidole ndani ya kifuniko, akafuata ukuta. Vikasimama.

Dengu.

Watu walikuwa bado wanapiga kelele juu ya kichwa chake, naye alibaki amechuchumaa pale pale. Chunusi ile haikuwahi kufika kwa wasubu wa Bosi Yin, kwa kuwa aliitoa siku ile ile aliyorudi na mfano. Aliyeunakili mfano aliunakili kabla Taibi hajaurudisha karakanani. Na mtu akitaka kunakili mfano wa mbao hana njia nyingine: atamwaga jasi. Na kabla ya kumwaga jasi, kama hataki ing'ang'anie mbao na kuondoka na ngozi yake, ataupaka nta.

Harufu ya kafuri ilimrudia puani, pale uani, katikati ya mafuta machafu.

Mwalimu Kou alikuwa ameitwa pia. Alifika na fimbo yake, akapewa kiti, akapewa chai. Bosi Yin alipozungumza naye alishusha sauti.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Mfano wa kifuniko hiki ulipita mikono ya nani?"

Taibi alisimama. Alimtazama mzee wake na moyo wake haukuwa na wasiwasi mkubwa. Alijiambia, Lun amefanya kitu, mzee amekijua leo hii kama mimi, sasa atasema.

"Kwangu ulifika kama kawaida," Mwalimu alisema. "Ukalala. Asubuhi niliupapasa, nikamwambia arekebishe, akaondoka nao." Alikunywa chai kidogo. "Njiani mimi sijui."

Ua mzima ulimgeukia Taibi. Kwenye ngazi zile, kapu mgongoni, hapakuwa na mtu mwingine aliyepita na mfano ule.

"Taibi," Bosi Yin alisema, "una la kusema?"

Angeweza kusema juu ya chunusi, lakini Bosi angemjibu kwamba chunusi ilikuwepo tangu mfano ukiwa mikononi mwake. Angeweza kusema juu ya nta. Lakini kusema nta ni kumwita Mwalimu wake mwizi mbele ya watu, yeye aliyempigia magoti. Alimtazama Mwalimu amsaidie. Mwalimu alikuwa anatazama viganja vyake.

"Sina," Taibi alisema.

Alitoka kiwandani siku hiyo hiyo. Yonglu hakuwepo uani, alikuwa kwa wasubu. Aliporudi alikuta meza ya Taibi iko wazi, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ameambiwa akae yeye.

Chengguo alizisikia habari akiwa amesimama juu ya sufuria la mchuzi wa pilipili. "Ulinyamaza?" alisema. "Wewe? Unayenigombeza kila asubuhi kwa punje ya chumvi, leo umenyamaza?"

"Ni Mwalimu wangu."

"Na mimi ni mume wako, sijawahi kuona ukininyamazia hata kwa bahati mbaya."

Hakucheka aliposema hivyo. Aliweka bakuli mbele yake na kwenda kuwahudumia wateja. Siku zilizofuata Taibi alizunguka karakana za mji akiomba kazi. Zote zilikuwa na watu aliowajua, na wote walimkaribisha chai, na chai ilipokwisha walikumbuka kwamba hawana nafasi. Kwenye nyumba za chai ambako mafundi na wenye viwanda hukutana na kugawana kazi kwa mdomo tu, bila karatasi, mtu aliyetoa mfano nje ni kama aliyetia mkojo kisimani. Kijana mmoja wa vipuri, mpole, alimwambia ukweli: "Dada, hakuna ubaya. Lakini nikikuweka, nani ataniletea mfano wake?"

Ndipo alipopanda ngazi zile bila kapu.

Mwalimu Kou na mkewe walikuwa wanamenya mashina ya haradali ya kukaushia, wakiyatunga kwenye kamba. Mama Mwalimu alipomwona alisimama na kisu mkononi, akasema atachemsha maji, akaingia ndani. Maji hayakuchemka muda wote aliokaa.

"Nta ile ilikuwa ya nini, Mwalimu?"

Mzee aliendelea kumenya. Alimenya shina lote, akalitunga.

"Lun anaoa," alisema. "Wazazi wa msichana wanataka kuona mtu mwenye kazi. Amewasha tanuri dogo la kusubu, huna habari? Ng'ambo walimwambia, lete kitu tuone, tutakupa kazi yetu. Alilia hapa, Taibi. Mwanamume mzima, alilala kwenye sakafu hii akalia."

"Alichukua ukiwa umelala?"

Taibi alisema hivyo kwa sababu alikuwa bado anampa mlango wa kutokea.

"Lun hajui kupaka nta," Mwalimu alisema polepole. "Angemwaga jasi juu ya mbao kavu. Angekuharibia. Nilikipaka mwenyewe, kila pembe. Nikakishika mpaka jasi ikakauka. Sikutaka kazi yako ichubuke."

"Na mimi je, nichubuke?"

Mzee aliweka kisu chini. Vidole vyake vilikuwa vinanuka haradali mbichi na alivipangusa kwenye magoti, kimoja kimoja, kama anayejiandaa kupapasa.

"Pale uani niliogopa," alisema. "Nitasema, Taibi. Lakini acha harusi ipite kwanza, nikisema sasa harusi imekufa. Siku yangu ya kutimiza miaka sabini mtakuja wote. Nitasema mbele ya wanafunzi wangu. Wakijua wao, mji mzima umejua. Wewe njoo tu."

"Utasema?"

"Si nimekwambia?"

Alishuka ngazi akiwa ameamini. Chengguo alimwambia kwamba yeye asingeamini hata kwa bunduki. Taibi akamwambia kwamba yeye hamjui Mwalimu Kou. Harusi ya Lun ikapita, watu wakala. Taibi alikaa kibandani akiosha mabakuli, na kila alipotukanwa kwa macho alijiambia: sabini, sabini.

Karamu ilifanyika kwenye mkahawa uliochimbwa ndani ya mlima, kwenye handaki la zamani la kujikinga na mabomu, ambako joto la kiangazi halifiki. Sufuria za mchuzi mwekundu zilikuwa zinachemka katikati ya meza, pilipili zikielea juu kama maua. Wanafunzi walikuwa wamepangwa kwa kufuatana, kama kawaida. Kiti cha kwanza kulia kwa Mwalimu kilikuwa cha Dada Mkubwa, na Yonglu alikuwa amekikalia.

"Dada Mkubwa!" Yonglu alisema, akashika viegemeo vya kiti kwa mikono miwili kama anayetaka kuinuka. Hakuinuka. "Tulidhani huna nafasi siku hizi. Kaa, kaa, leteni kigoda! Kaa hapa karibu yangu, nikuchovyee matumbo ya ng'ombe."

"Nitakaa popote."

Alikaa kigodani, kapu la mianzi miguuni. Mwalimu alimwona, akamwinamishia kichwa kidogo. Taibi alimwitikia. Chai ikamiminwa kwa zamu. Yonglu alimimina ya kwanza na Taibi akamwachia. Watu wakala, wakatokwa jasho, wakatukanana kwa upendo. Mmoja alikumbusha jinsi Yonglu alivyowahi kuchonga mfano kinyume, wa kulia ukawa wa kushoto, na Mwalimu akauvisha kamba akamwambia auvae shingoni siku nzima.

"Na niliuvaa!" Yonglu alisema. "Mchumba wangu alidhani ni medali!"

Tambi za maisha marefu zikaja, ndefu, ambazo hazitakiwi kukatwa. Mwalimu alikula za kwake mpaka mwisho. Kisha akainua kikombe, na kelele zikatulia. Taibi aliweka vijiti vyake chini.

Mwalimu alishukuru watu kwa kuja. Alizungumza juu ya enzi za kiwanda cha silaha, juu ya msonobari wa siku zile uliokuwa mgumu na mnyoofu. Aliwashukuru wakwe wa Lun. Aliwaambia wanafunzi washikamane kama meno ya gia. Akanywa, akaketi, akashika vijiti.

Taibi alisubiri. Pengine baada ya sahani hii. Pengine baada ya kikombe kile. Lun alisimama kumimina pombe, akazunguka meza nzima, akamruka yeye kwa kuchungulia ndani ya chupa kana kwamba imeisha. Mwalimu aliomba kijiti cha kuchokolea meno.

Ndipo Taibi alipoinama, akatoa kwenye kapu kitu kilichofungwa karatasi nyekundu, akakiweka mbele ya Mwalimu kwa mikono miwili.

"Zawadi yako, Mwalimu. Nimekinunua kwenye duka la vipuri. Pitisha mkono."

Karatasi ilifunguliwa. Kilikuwa kifuniko cha klachi, cha alumini, cha pikipiki ya ng'ambo.

Hakuna aliyecheka. Mhudumu alileta kitambaa cha moto, na mzee, kwa mazoea ya maisha yake yote, alifuta mikono vizuri, vidole kimoja kimoja. Akafumba macho. Kiganja kikapita juu, kikazunguka ukingo, kikaingia ndani, kikafuata ukuta.

Kikasimama.

Kila mtu mezani alikijua kisimamo kile. Walikuwa wamekiogopa tangu ujana wao. Walisubiri neno, na Taibi alilisubiri pamoja nao, maana kama angesema "Toa" ingetosha. Yonglu alijua chunusi ile ilitoka wapi na nta ile ilitoka kwa nani. Wengine nao waliinusa. Neno moja tu, na wangemaliza wenyewe.

Mwalimu Kou alifumbua macho. Hakumtazama Taibi.

"Safi," alisema.

Mchuzi ulikuwa unachemka. Yonglu alinyoosha mkono akakichukua kifuniko, pengine kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ndani, mahali pale pale kilipokwenda siku ile karakana ilipocheka. Taibi alikiona kidole kikisimama. Aliuona uso wake ukielewa: kwanza chunusi, halafu nta, halafu kiti alichokalia. Aligeuka akamtazama Taibi, na mdomo ukafunguka kidogo.

"Mwalimu amesema safi," Yonglu alisema, akacheka kicheko kifupi, akampa aliyekaa kando yake.

Huyo akapapasa. Mkono ukasimama. "Safi," akasema. Akampa anayefuata. Kifuniko kilizunguka meza hivyo, mkono baada ya mkono, na kila mkono ulisimama mahali pamoja kama basi kwenye kituo, na kila mdomo ulisema safi. Kilipofika kwa Lun alisema mikono yake ina mafuta.

Kiliporudi, Taibi hakukichukua. Aliingiza mkono kapuni akatoa bobari. Mwalimu alimpa bobari ile siku alipomaliza mafunzo. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa jasho la mkono wa mzee, na juu ya weusi huo jasho la Taibi. Aliilaza kando ya bakuli la mzee, makali yakiangalia ukutani, kama alivyofundishwa.

"Uishi miaka mingi, Mzee Kou," alisema.

Wote walilisikia neno Mzee mahali pa Mwalimu. Kope za Kou zilitikisika. Mama Mwalimu ndiye aliyesema, kutoka upande wa wanawake, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilia kimoyomoyo muda mrefu:

"Taibi, tambi zako hujamaliza, mwanangu."

"Mtanimalizia, Mama."

Alitoka kwenye handaki, joto likampiga usoni. Alisimama kidogo penye mlango. Nyuma yake kelele zilichelewa kurudi, lakini zilirudi.

Siku hizi Taibi anachongea tanuri dogo huko Beibei, nje kidogo ya mji, linalosubu mabomba ya pampu na mifuniko ya mashimo ya barabarani. Mwenye tanuri hakumuuliza lolote. Mifuniko ya mashimo haina siri. Bobari aliyonunua sokoni bado haijamzoea. Kila asubuhi ananawa kwa maji ya vuguvugu, anafumba macho, anapapasa. Hajaweza kuacha.

Jioni humsaidia Chengguo kibandani. Waendesha pikipiki husimama pale kula, wengi wao wakiwa na zile za ng'ambo ya mto, maana ziliuzika sana. Wanazipanga kando ya kigoda chake, injini zikitatarika zikipoa, joto lake likimfikia gotini. Wakati mwingine hunyoosha mkono akaweka kiganja juu ya kifuniko cha kulia, kwa nje, mpaka mwenye pikipiki amwambie, "Mama, utaungua."

"Taibi," Chengguo huita kutoka kwenye sufuria, mikono ikiwa imejaa mabakuli, "meza ile iko safi?"

Taibi hupitisha kitambaa juu ya meza, halafu kiganja.

"Inatosha," husema.